Mtandamboo na Magonjwa ya Virusi: Jinsi Mti-Dawa Unavyopimwa

Mtandamboo ni kichaka chenye miiba imara kinachoota katika nchi kavu na kandokando ya misitu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri, na matunda yake madogo hugeuka kutoka wekundu hadi weusi wa zambarau yaivapo, nayo hupendwa sana na watoto na wachungaji. Wataalamu wa mimea waliuita Carissa edulis, na siku hizi wengi wao huuweka chini ya jina la Carissa spinarum. Wamaasai huuita olamuriaki, nao hutia mizizi yake katika supu. Katika makabila mengine mengi mizizi hiyo huchemshwa ili kutibu maumivu ya kifua, homa na maradhi ya zinaa.

Mwaka 2011 sifa za mti huu zilivuka mipaka ya nchi. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa kanisa aligawa kikombe cha maji yaliyochemshwa kwa mizizi yake, ambayo huko huitwa mugariga, kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba kikombe kimoja kinaponya ukimwi, kisukari na maradhi mengine sugu. Maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda huko kutoka Tanzania na nchi za jirani, na foleni ya magari ilienea kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani. Iliripotiwa pia kwamba baadhi ya watu wenye virusi vya ukimwi waliacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa kikombe hicho.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba mti huo ulikuwa umekwisha kuingia maabara. Mwaka 2006, miaka mitano kabla ya mambo ya Samunge, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na wenzao walitangaza kwamba maji ya maganda ya mizizi ya mtandamboo yalizuia virusi vya malengelenge katika vyombo vya maabara na katika panya.

Basi kuna mambo mawili mbele ya msomaji. La kwanza ni matokeo ya kweli ya utafiti kuhusu nguvu ya mti dhidi ya aina moja ya virusi. La pili ni madai kwamba mti huo huo unaponya ukimwi, madai ambayo hayajapata kuthibitishwa. Makala haya yanakusudia kueleza umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili, na njia ambayo sayansi huifuata katika kuupima.

VIRUSI NI NINI

Hadi mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walidhani kwamba magonjwa yote ya kuambukiza husababishwa na bakteria au vijidudu vingine vinavyoonekana kwa hadubini. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky aliuchuja utomvu wa majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa chujio laini sana, lisiloweza kupitisha bakteria. Utomvu uliochujwa uliendelea kuambukiza mimea mizima. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alifikia matokeo kama hayo, akasema kwamba kisababishi cha ugonjwa huo ni kitu cha namna nyingine kabisa. Hivyo ndivyo elimu ya virusi ilivyoanza.

Virusi ni vidogo mno. Kirusi chenye upana wa nanomita 100 ni cha wastani. Virusi 10,000 vya ukubwa huo vikipangwa mstari mmoja vitajaza milimita moja tu. Kirusi si seli. Hakili, hakipumui, wala hakigawanyiki chenyewe. Ni kifurushi cha asidi ya kiini, yaani maandishi ya urithi, kilichovikwa gamba la protini, na pengine utando wa mafuta juu yake. Kikiwa nje ya seli hakifanyi kazi yoyote. Kikiingia ndani ya seli ya mnyama au mmea, huilazimisha seli hiyo itumie mitambo yake yenyewe kutengeneza virusi vipya.

Kazi hiyo hupita hatua tano: kirusi hujishikiza kwenye seli, huingia ndani, maandishi yake hunakiliwa, sehemu mpya huunganishwa, na virusi vipya hutoka kwenda kushambulia seli nyingine. Kila dawa ya virusi, iwe imetoka kiwandani au porini, haina budi kukatiza mojawapo ya hatua hizo.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Bakteria ana ukuta wake mwenyewe, ambao mwili wa binadamu hauna. Penisilini huharibu ukuta huo bila kuigusa seli ya mgonjwa. Kirusi hakina ukuta wa namna hiyo, na hutumia mitambo ile ile inayoifanya seli iishi. Kwa hiyo kitu kinachokiua kirusi ndani ya seli kinaweza kwa urahisi kuiua na seli yenyewe. Sabuni huharibu virusi vingi mikononi, lakini hakuna anayekunywa sabuni akaiita tiba. Swali la kuuliza siku zote ni hili: je, kitu hiki kinakidhuru kirusi kwa kiasi ambacho hakimdhuru mgonjwa?

Mfano mzuri wa jibu ni asikloviri, dawa ya malengelenge iliyogunduliwa katika miaka ya 1970. Dawa hiyo huingia katika seli ikiwa haina nguvu. Huamshwa na kimeng'enya kinachotengenezwa na virusi vya malengelenge vyenyewe. Basi mahali pasipo na virusi, dawa hulala. Mahali palipo na virusi, huamka ikazuia unakili. Mmea unaotafutwa kwa ajili ya tiba ya virusi unatakiwa uwe na uwezo wa kuchagua namna hiyo.

KWA NINI KUPONA PEKE YAKE SI USHAHIDI

Waganga wetu wamejaribu mimea kwa vizazi vingi, na ujuzi wao umejengwa juu ya kuangalia: mgonjwa alipewa nini, kisha ikawaje. Kwa maradhi mengine njia hiyo inafaa sana. Dawa ya kuharisha, ya kutapisha, ya kutuliza maumivu au ya kufunga damu huonyesha kazi yake kwa saa au siku chache. Hata malaria huweza kupimwa hivyo kwa kiasi fulani. Homa ya malaria kali isipotibiwa huzidi na huweza kuua; ikishuka upesi baada ya dawa, na ikashuka kwa wagonjwa wengi, mtazamaji ana sababu ya kuamini. Haishangazi, basi, kwamba mimea miwili imetoa dawa kuu za malaria: kwinini iliyotengwa kutoka ganda la mti wa sinkona mwaka 1820, na artemisinini iliyotengwa kutoka pakanga ya Uchina katika mwaka 1972 kwa uongozi wa Tu Youyou, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Magonjwa ya virusi humdanganya mtazamaji kwa njia tatu.

Kwanza, mengi hupona yenyewe. Mafua ya kawaida huisha kwa muda wa wiki moja au siku kumi, kwa sababu kinga ya mwili hujifunza kuvitambua virusi na kuviondoa. Tuseme, kwa mfano, watu 100 wana mafua, na 80 kati yao wangekuwa wamepona siku ya nane bila dawa yoyote. Wakipewa wote chai ya majani fulani, watu 80 watapona siku ya nane, na wote 80 watashuhudia kwa moyo safi kwamba majani yamewaponya. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo, na hata hivyo majani hayakufanya lolote. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, watu wengi walijifukiza kwa nyungu, na huko Madagascar kulizinduliwa kinywaji kilichotengenezwa kwa pakanga. Kwa kuwa wengi walioambukizwa ugonjwa huo walipona bila dawa maalumu, ushuhuda wa waliopona haukuweza kuamua kama nyungu au kinywaji vilisaidia.

Pili, mengine huja na kuondoka. Virusi vya malengelenge hujificha katika mishipa ya fahamu, vikatoka mara kwa mara na kuleta vidonda, kisha vikarudi mafichoni. Mgonjwa hutafuta dawa anapozidiwa. Muda mfupi baadaye vidonda hukauka, kama ambavyo vingekauka hata hivyo. Dawa yoyote iliyotolewa wakati huo hupata sifa.

Tatu, mengine hunyamaza kwa miaka. Mtu aliyeambukizwa virusi vya ukimwi asipotibiwa huweza kuishi miaka kama minane au kumi kabla ya kuugua sana. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa katika mwili kwa miongo ya miaka kabla ya kuharibu ini au kuleta saratani. Katika muda huo wote mgonjwa hujiona mzima. Akinywa kikombe leo na kesho akajisikia vizuri, hisia hiyo haisemi lolote kuhusu virusi vilivyomo katika damu yake. Kipimo cha damu peke yake ndicho kinachoweza kusema.

Hiyo ndiyo sababu mimea yenye dawa za virusi ni migumu kutambuliwa kwa mazoea kuliko mimea yenye dawa za maumivu au za tumbo. Waganga hawakukosa akili wala uangalifu. Ugonjwa wenyewe huficha matokeo.

MIMEA ILIYOKWISHA KUFAULU

Pamoja na ugumu huo, ipo mimea iliyoleta faida. Utomvu mgumu wa mizizi ya mmea uitwao podofilamu, uotao Marekani ya Kaskazini na jamaa yake katika milima ya Himalaya, ulitangazwa mwaka 1942 kuwa unaondoa vigwaru vya sehemu za siri, ambavyo husababishwa na virusi. Kiambato chake kikuu kilitengwa, na mwaka 1990 kikaruhusiwa kuuzwa Marekani kama dawa ya kupaka. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliruhusu marhamu ya majani ya chai ya kijani kwa ugonjwa huo huo. Inafaa kuzingatia kwamba zote mbili hupakwa juu ya ngozi, mahali ambapo dawa hufika bila kupita tumboni, katika ini na katika damu.

Mfano mwingine ni kiungo cha nyota, tunda kavu lenye umbo la nyota linalotumika katika mapishi ya Uchina Kusini na Vietnam. Tunda hilo lina asidi ya shikimi, ambayo ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1885 kutoka mti wa jamaa yake huko Japani. Asidi hiyo ilikuwa malighafi ya kutengenezea oseltamiviri, dawa ya homa ya mafua iliyoruhusiwa mwaka 1999. Baadaye iliwezekana kuipata pia kwa kuwatumia bakteria. Hata hivyo anayetafuna kiungo hicho hali dawa ya mafua. Kati ya tunda na kidonge kuna mfululizo wa mabadiliko ya kikemia yanayofanyika kiwandani. Mti umetoa tofali. Nyumba imejengwa na wanakemia.

HATUA ZA KUUPIMA MTI

Ili kuonyesha jinsi mti unavyopimwa, na turudi kwenye mtandamboo.

Hatua ya kwanza: kuutambua. Jina la kienyeji halitoshi, kwa kuwa jina moja huweza kuitwa miti miwili, na mti mmoja huweza kuwa na majina kumi. Mtafiti hukata tawi lenye majani, maua na matunda, akalikausha, akaandika mahali na tarehe, na kuliweka katika hifadhi ya mimea ili wengine waweze kulihakiki. Kwa mtandamboo jambo hili ni la kufa na kupona. Katika ukoo huo huo wa mimea umo msunguti, ambao wataalamu waliupa kwanza jina la Carissa schimperi kabla ya kuuhamishia katika jenasi ya Acokanthera. Msunguti nao ni kichaka chenye utomvu mweupe, maua meupe yenye wekundu na matunda ya zambarau, ila hauna miiba. Gome na mizizi yake hutumiwa na wawindaji kutengenezea sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo. Anayechimba mizizi kwa haraka ili kuwahi wateja anaweza kuuza kifo akidhani anauza dawa.

Hatua ya pili: kutoa dondoo. Mizizi hukaushwa, husagwa, na kuloweshwa au kuchemshwa katika maji au spiriti. Kisha kioevu huchujwa na kukaushwa hadi ukabaki unga. Maji hutoa viambato fulani, spiriti hutoa vingine. Kwa sababu hiyo mtafiti mzuri humwuliza mganga hasa anavyoitengeneza dawa yake. Udongo, mvua na umri wa mti huweza kubadili kiasi cha kiambato; kikombe cha leo na kikombe cha mwezi ujao huenda visiwe na nguvu sawa.

Hatua ya tatu: majaribio katika vyombo. Seli hai, aghalabu zilizotokana na figo la tumbili, huoteshwa katika sahani hadi zikafunika sakafu yote kama zulia. Virusi vikitiwa, kila kirusi huua seli zinazokizunguka na kuacha tundu dogo katika zulia hilo. Matundu hayo huhesabiwa. Sahani nyingine hutiwa virusi pamoja na dondoo, na nyingine hutiwa dondoo peke yake ili kuona kama dondoo lenyewe linaziua seli. Katika utafiti wa mwaka 2006, mikrogramu 50 za dondoo la mtandamboo katika kila mililita zilizuia matundu yote, ilhali kiasi cha karibu mara kumi ya hicho ndicho kilichodhuru nusu ya seli. Dondoo lilivizuia hata virusi vya malengelenge ambavyo vilikuwa sugu kwa asikloviri. Haya ni matokeo mazuri, yanayostahili kufuatiliwa.

Lakini hatua hii huwadanganya wengi. Magome na mizizi mingi ina tanini, vitu vinavyokausha ulimi kama chai kali. Tanini hushikamana na protini yoyote, ikiwamo ya gamba la virusi. Kwa hiyo katika sahani huonekana kama dawa. Zikinywewa, hushikamana na protini za chakula tumboni, na sehemu ndogo tu, kama ipo, huingia katika damu. Orodha ya mimea iliyozuia virusi katika sahani ni ndefu mno. Orodha ya mimea iliyotoa dawa za virusi zinazotumika hospitalini ni fupi.

Hatua ya nne: wanyama. Panya walioambukizwa malengelenge ya ngozi walinyweshwa dondoo kwa kiasi cha miligramu 250 kwa kila kilo ya uzito wao. Ugonjwa ulikwenda polepole kuliko kwa panya wasiopewa, na wengi zaidi waliishi. Msomaji asifanye haraka kuzidisha kiasi hicho kwa uzito wake mwenyewe. Mwili wa panya husaga na kutoa dawa kwa kasi kubwa kuliko wa binadamu. Kwa kuzidisha tu, mtu wa kilo 60 angepata gramu 15; kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu, inayozingatia eneo la ngozi, angepata gramu moja na kidogo. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara kumi ndiyo tofauti kati ya dawa na sumu.

Hatua ya tano: binadamu. Huanzwa na watu wachache wenye afya ili kujua usalama, kisha wagonjwa makumi au mamia, hatimaye mamia au maelfu. Wagonjwa hugawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa mpya, na la pili hupewa dawa iliyozoeleka au kitu kinachofanana na dawa kisicho na nguvu. Mgonjwa na mganga wote hawajui nani amepewa nini hadi mwisho. Utaratibu huu ndio unaojibu mtego wa wale watu 80: wakipona 80 katika kila kundi, majani hayana kazi, wakipona 80 upande mmoja na 95 upande wa pili, pana jambo la kuchunguza zaidi.

Sasa umbali ulioulizwa mwanzoni unaonekana. Utafiti wa mwaka 2006 ulifika hatua ya nne, na ulihusu virusi vya malengelenge, wala haukuhusu virusi vya ukimwi. Virusi hivyo viwili havifanani. Cha malengelenge hubeba maandishi yake katika DNA. Cha ukimwi hubeba RNA, ambayo huigeuza kuwa DNA na kuichomeka ndani ya urithi wa seli ya mgonjwa, mahali inapoweza kulala bila kuguswa na dawa. Kuzuia kimoja si kuzuia kingine, na kuzuia si kuponya.

MITI ILIYOKWAMA NJIANI

Hata mimea iliyozuia virusi vya ukimwi katika sahani imepata taabu kuendelea. Mwaka 1987 wakusanyaji waliotumwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichukua majani na vijiti vya mti wa Calophyllum lanigerum katika misitu ya Sarawak, Malaysia. Ndani yake kilipatikana kiambato, kalanolidi A, kilichokizuia kimeng'enya ambacho virusi vya ukimwi hukitumia kugeuza RNA kuwa DNA. Watafiti waliporudi kuchukua zaidi, mti ule ulikuwa umekatwa. Miti mingine ya aina hiyo waliyoipima ilikuwa na kiambato hicho kidogo sana au haikuwa nacho kabisa. Ilibidi wanakemia wakitengeneze wenyewe, na kiambato jamaa yake kikapatikana katika utomvu wa mti mwingine ambao huweza kugemwa bila kukatwa. Kalanolidi A ilifika hatua ya majaribio kwa binadamu, lakini haijawa dawa ya kuuzwa.

Huko Kamerun, katika msitu wa Korup, mtambaazi uitwao Ancistrocladus korupensis ulitoa kiambato kingine kilichozuia virusi vya ukimwi. Katika wanyama ilidhihirika kwamba kiasi kinachohitajika kuzuia virusi kinakaribiana mno na kiasi kinachodhuru. Kazi ikasimamishwa. Huko ni kufaulu kwa upimaji, kwa kuwa sumu ilijulikana kabla haijamfikia mgonjwa.

HATARI YA KUCHANGANYA DAWA

Wagonjwa wengi husema, "Nitameza vidonge vya hospitali, na juu yake ninywe mizizi, haitadhuru." Jambo hili lahitaji hadhari. Ini la binadamu lina vimeng'enya vinavyovunja dawa. Mimea mingine huviamsha vimeng'enya hivyo, na dawa ya hospitali ikavunjwa kabla ya kufanya kazi; mingine huvilaza, na dawa ikajaa mwilini hadi kuwa sumu. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba mmea wa Ulaya uitwao Hypericum perforatum, ambao watu huunywa kwa ajili ya huzuni, ulipunguza kiasi cha dawa ya ukimwi, indinaviri, katika damu kwa wastani wa asilimia 57. Kiasi pungufu hakiviui virusi, huvifundisha usugu. Hatimaye dawa hiyo haimfai tena mgonjwa, wala mtu atakayemwambukiza.

Kuacha vidonge kabisa ni kubaya zaidi. Dawa za kufubaza virusi vya ukimwi huzuia unakili, lakini haziwezi kuving'oa virusi vilivyolala katika seli. Zikiachwa, kwa kawaida virusi huonekana tena katika damu kwa muda wa wiki chache, ingawa mgonjwa huendelea kujisikia mzima kwa muda mrefu. Kimya hicho ndicho kilichowaponza waliodhani kwamba kikombe kimewatosha.

MAPATANO KATI YA MGANGA NA MAABARA

Isidhaniwe kwamba ujuzi wa waganga hauna nafasi. Huko Samoa waganga wa jadi walitumia gome la mti uitwao mamala kwa wagonjwa wa homa ya ini. Mwaka 1992 watafiti walitangaza kwamba ndani yake mna prostratini, kitu kinachozuia virusi vya ukimwi. Baadaye ilionekana kwamba huweza pia kuviamsha virusi vilivyolala mafichoni ili dawa nyingine zivifikie. Bado utafiti huo haujaleta dawa. Lakini mwaka 2004 serikali ya Samoa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitia sahihi mkataba wa kugawana sawa kwa sawa mapato yatakayotokana na urithi wa mti huo. Mganga anayejua kwamba ujuzi wake utaandikwa kwa jina na kulipwa hana sababu ya kuuficha.

Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili katika Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974. Kitengo hicho kilifanywa taasisi kamili huko Muhimbili mwaka 1991, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Kazi ya vyombo vya namna hiyo haiwezi kukamilika bila mambo matatu: waganga wanaoonyesha mti na namna ya kuutengeneza, misitu ambayo haijafyekwa, na wagonjwa wanaomwambia daktari kila wanachokunywa, bila kuona haya. Daktari naye anatakiwa kuuliza bila dharau, maana mgonjwa aliyedharauliwa hufunga kinywa.

Mtandamboo ungali unaota nyikani. Inawezekana kwamba siku moja utatoa marhamu ya malengelenge, hasa kwa wagonjwa ambao asikloviri haiwafai tena. Hadi siku hiyo, mwenye virusi vya ukimwi asiache vidonge vyake kwa ajili ya mizizi yake, na anayetaka kuujaribu kwa maradhi yoyote amweleze kwanza anayemtibu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini penisilini haitibu mafua?
2. Toa mfano wa ugonjwa katika mazingira yako ambao hupona wenyewe. Ungepangaje jaribio la kujua kama dawa fulani ya majani inausaidia?
3. Mtandamboo na msunguti hutofautianaje? Waulize wazee wa mahali pako majina ya miti hiyo, kisha ulinganishe.
4. Eleza kwa nini mtu mwenye virusi vya ukimwi anaweza kujisikia mzima wiki kadhaa baada ya kuacha dawa, na kwa nini hali hiyo si dalili ya kupona.
5. Ni faida gani ambazo mganga, kijiji na taifa wanastahili kupata mti wa kwao unapotoa dawa?